Utafiti wa Fani Nyingi na Nafasi Yake Katika Ujenzi wa Taifa

Katika madarasa ya itikadi liko swali ambalo halikosi kuulizwa kila somo linapofikia sayansi na maendeleo. Huulizwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: Je, ni haki kwa nchi ya wakulima na wafanyakazi, ambayo bado ina vijiji visivyo na maji safi, kumlipa mtu mshahara ili ahesabu nyumbu, mwingine apime mifupa ya kale, wa tatu akusanye hadithi za wazee, na wa nne ashinde maabara akitazama maji yanavyoganda? Mara nyingi mwuliza swali ni kiongozi wa tawi au wa kata, mtu anayekabiliwa kila siku na zahanati yenye upungufu wa dawa. Swali lake si la ujinga hata kidogo. Ni swali la mgawanyo wa mali ya umma, na kwa hiyo ni swali la siasa kabla halijawa swali la kitaalamu.

Yapo majibu mawili ya haraka ambayo hutolewa, na yote mawili yana kasoro. La kwanza hutoka kwa baadhi ya wasomi wenyewe: kwamba elimu haina mpaka, kwa hiyo mtafiti aachwe afanye apendalo na asiulizwe. Jibu hili linasahau kwamba mshahara wa mtafiti umetokana na jasho la mtu, na mtu huyo ana haki ya kuuliza. Jibu la pili hutoka kwa viongozi wenye haraka: kwamba utafiti wote uelekezwe kwenye kilimo, afya na viwanda, na mengine yote yahesabiwe kuwa ni anasa. Jibu hili lina sura ya kimapinduzi, lakini likikaguliwa kwa matukio halisi linaanguka. Katika makala haya tutalikagua hasa hili la pili, kwa kuwa ndilo linalopendwa zaidi miongoni mwetu.

MAANA YA UTAFITI

Utafiti ni kazi kama kazi nyingine. Una malighafi yake, una zana zake, na zao lake ni maarifa ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua. Hilo la kukaguliwa ndilo linaloutenganisha utafiti na maoni. Mkulima anayepanda mbegu mbili katika matuta mawili na kulinganisha mavuno anatafiti. Mwalimu anayekariri vitabu vya watu mwaka hadi mwaka hatafiti, hata akivaa joho.

Fani zinatofautiana kwa sababu vitu vyenyewe vinatofautiana. Kirusi hakihojiwi kama anavyohojiwa mzee wa kijiji, na Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 haiwezi kurudiwa katika maabara. Wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walipokwenda vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya habari za vita hiyo, zana zao zilikuwa daftari na masikio. Ukaguzi wao ulikuwa kulinganisha maneno ya mzee wa kijiji kimoja na ya mzee wa kijiji kingine, kisha kuyalinganisha yote na majalada ya Wajerumani. Kukosa darubini hakukuifanya kazi hiyo isiwe ya kisayansi.

SOTOKA, NYUMBU NA MITI YA SERENGETI

Tuanze na nyumbu, maana ndiye anayechekwa zaidi darasani.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na mifugo iliyoletwa na majeshi ya Italia. Katika muda wa miaka michache ulishuka hadi kusini mwa bara letu, ukiua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe kila ulikopita, pamoja na nyati na nyumbu. Wafugaji, hasa Wamasai, walikufa kwa njaa. Mtafiti mmoja aliyefundisha Dar es Salaam, Helge Kjekshus, alieleza katika kitabu chake cha 1977 jinsi kufa kwa ng'ombe na watu kulivyoacha malisho yakageuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu kurudi. Wakoloni walipofika na kukuta mapori waliyaita maumbile ya asili ya Afrika. Kumbe sehemu ya mapori hayo ilikuwa ni matokeo ya msiba wa juzi tu. (Hapa tayari historia imekwisha kuisahihisha elimu ya wanyama.)

Sasa twende mbali kidogo. Mwaka 1949 huko Boston, Marekani, wanasayansi watatu, Enders, Weller na Robbins, waligundua namna ya kuvikuza virusi vya polio katika chembehai zilizowekwa ndani ya chupa. Walikuwa wanashughulikia ugonjwa wa kupooza wa watoto, wala hapakuwa na ng'ombe katika mawazo yao. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Njia hiyo ya kukuza virusi ilipofika Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki, Walter Plowright na wenzake waliitumia kwa sotoka. Walikuza kirusi cha sotoka katika chembehai za figo za ndama, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa mara nyingi mpaka kikapoteza ukali wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapata chanjo iliyo salama, isiyo ya gharama kubwa, na yenye kumkinga ng'ombe maisha yake yote.

Wakati huohuo kulikuwa na watu Serengeti wakihesabu wanyama. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu kwa ndege mwaka 1958, na Michael alikufa katika ajali ya ndege mwanzoni mwa 1959 kazi ikiendelea. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kama 250,000. Hesabu zikaendelea mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,000,000. Kulikoni? Mwindaji hakupungua, wala hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji walioizunguka mbuga.

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya wale wahesabuji. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la sotoka, na kwamba wao ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Laiti hilo lingekuwa kweli, ugonjwa huo usingeweza kufutwa bila kuwaua wanyama wote wa porini au kuwachanja, jambo ambalo haliwezekani. Lakini ng'ombe walipokingwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia. Maana yake ni kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiuhifadhi ugonjwa, na nyumbu walikuwa wanaambukizwa tu. Hivyo daftari la mhesabu nyumbu lilisaidia kuonyesha kwamba kazi ya kuufuta ugonjwa wa mifugo duniani inawezekana. Kirusi hicho kilionekana kwa mara ya mwisho nchini Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kuwa sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na mwanadamu, baada ya ndui.

Na mnyororo haukuishia hapo. Nyumbu wengi walikula majani mengi. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ulikosa kuni. Moto ulipopungua, miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila mwaka ilipata nafasi ya kukua. Mwaka 2009 watafiti wa Serengeti walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba kwa sababu hiyo mbuga ilikuwa imegeuka kutoka kutoa hewa ya ukaa na kuwa yenye kuihifadhi ndani ya miti na udongo. Kutoka watoto waliopooza Marekani, kupitia figo za ndama Muguga, hadi mgunga wa Serengeti: ni kamati gani ya mipango ingeweza kuiandika njia hiyo katika mpango wa miaka mitano? Na kama wahesabu nyumbu wangeachishwa kazi mwaka 1962 kwa kuwa hawana faida kwa mkulima, kiungo cha katikati kingekatika na tusingejua kilichotokea.

MUHOGO WA AMANI

Mfano wa pili unahusu chakula, kwa hiyo hauhitaji utetezi mrefu.

Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Warburg, aliandika habari za ugonjwa uliokuwa ukikunja majani ya muhogo huko Usambara. Ndio ugonjwa tunaouita leo batobato. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Hawakukianzisha kwa ajili ya muhogo wa mwananchi. Walitaka mazao ya biashara kwa viwanda vyao: mkonge, kahawa, mpira. Mmoja wa miti iliyopandwa sana wakati huo ulikuwa mpira wa Ceara, kutoka Brazili. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa ushindani wa mashamba ya Asia, na mabepari wakaitupa miti yao. Watu wa pwani hawakuitupa. Mpaka leo majani yake huchumwa na kupikwa, na kila mama wa Muheza au Tanga anakijua kisamvu cha mpira.

Jina hilo la kisamvu lina sayansi ndani yake, kwa kuwa linakiri kwamba mti huo na muhogo ni ndugu. Wataalamu wa kuzipanga koo za mimea, watu ambao kazi yao ni kulinganisha maua na majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, walikuwa wamekwisha kuiweka mimea hiyo miwili katika ukoo mmoja wa Manihot. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, H. H. Storey na wenzake pale Amani waliutumia undugu huo. Walipandisha muhogo na mpira wa Ceara, kisha wakarudisha wajukuu na vitukuu kwenye muhogo tena na tena, mpaka wakapata mihogo yenye mizizi inayolika na yenye kustahimili batobato.

Kazi hiyo ya kupandisha mbegu ilisimamishwa Amani katika miaka ya 1950. Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria. Huko, katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, watafiti waliichukua mihogo iliyotokana na mbegu za Amani na kuzalisha aina mpya katika miaka ya 1970. Wakati batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990 na kuwaacha watu na njaa, aina zilizotokana na ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zile zilizosambazwa kwa wakulima. Kwa hiyo mbegu ya Usambara ilirudi Afrika Mashariki baada ya miaka 40, ikiwa imepitia Ibadan. Jambo hili halituletei sifa tupu. Linatuuliza pia kwa nini kazi ilisimama pale ilipoanzia.

UGONJWA WA NEWALA

Mwaka 1952 na 1953 watu wa Uwanda wa Makonde walipatwa na homa iliyoviumiza viungo kiasi cha mgonjwa kujikunja. Wenyewe waliuita kwa Kimakonde chikungunya, yaani kile kinachokunja. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza mwaka 1955, na kirusi chake kikatambuliwa. Ulikuwa ugonjwa wa mbali, wa watu maskini, tena usioua sana. Mwenye kupanga vipaumbele kwa kuhesabu vifo peke yake angeupita.

Mwaka 2005 na 2006 ugonjwa huohuo ulimpata zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watatu wa kisiwa cha Réunion. Mwishoni mwa 2013 ulifika visiwa vya Karibi na ukaenea Amerika. Mwaka 2023 chanjo ya kwanza dhidi yake iliidhinishwa Marekani. Madaktari wa nchi zote hizo walipofungua vitabu walikuta maelezo ya msingi yametoka Newala, na neno lenyewe ni la Kimakonde. Mbu anayeueneza, Aedes aegypti, huzaliana katika maji yaliyowekwa akiba nyumbani, na uwanda ule unajulikana kwa shida ya maji. Kwa hiyo hata yule kiongozi wa kata anayesema tushughulikie maji kwanza, tuache virusi, anazungumzia jambo lilelile bila kujua.

FIZIKIA YA MWANAFUNZI

Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo, naye kwa kuogopa kuikosa aliyaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga, lakini, walimwambia kuwa wao huanza na mchanganyiko wa moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Mwalimu alimdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na dhihaka hiyo ikawa msemo wa darasa zima. Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo cha Dar es Salaam alipozuru shule hiyo. Mpemba akamwuliza mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda; kwa nini? Wenzake waliona haya kwa niaba yake. Osborne hakuliamini jambo lenyewe, lakini aliporudi Dar es Salaam aliagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia, na akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 mwanafunzi na mwalimu huyo walichapisha makala ya pamoja, na jambo hilo likaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe aliingia katika kazi ya wanyamapori.

Inafaa kueleza kwamba ubishi haujaisha. Aristotle alikuwa amekwisha kulitaja jambo hilo zamani za Wagiriki, kisha likasahauliwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwa upande wa maji. Mwaka 2020 wengine wa Kanada walionyesha tabia inayofanana na hiyo katika chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Mimi si mwanafizikia na siwezi kuamua. Ninachoweza kukisema kama mkufunzi ni kwamba kati ya watu wote waliotajwa katika kisa hiki, wauza aiskrimu wa Tanga ndio waliokuwa na mazoea ya siku nyingi ya jambo lenyewe, na hakuna mwalimu aliyekwenda kuwauliza. Sisi tunaoongoza vikao tunajua jinsi ilivyo rahisi kulinyamazisha swali kwa kicheko.

NANI ANAMILIKI MATOKEO

Mpaka hapa pengine msomaji ataona kwamba tumelipa ushindi jibu la kwanza, lile la kuwaacha wasomi wafanye wapendavyo. La hasha. Tutazame Tendaguru, mkoani Lindi.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria. Kazi ilifanywa na mamia ya wananchi, katika eneo lililokuwa limetoka kuangamizwa na Vita ya Maji Maji na njaa iliyofuata. Walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba kwa vichwa na mabega safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, na watu hutoka nchi za mbali kumtazama. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi stadi wa kutoa mifupa ndani ya mwamba, lakini jina lake halikuingia katika orodha ya wanasayansi. Ilipofika 2007 ndipo dinosaria mmoja kati ya wale waliotoka Tendaguru alipopewa jina la kisayansi lenye kumkumbuka.

Kitaalamu utafiti ule ulikuwa mzuri. Ulifafanua maisha ya miaka milioni 150 iliyopita. Kisiasa ulikuwa ni uchumaji. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kada asione shida kuyasema yote mawili. Linganisha na fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Fuvu hilo lilipimwa umri kwa njia ya potasiamu na argoni, ambayo ni fizikia tupu, likaonekana kuwa na miaka kama milioni 1.75. Lilirudishwa nchini mwaka 1965, na lipo katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli za 1978 bado ziko palepale Laetoli ndani ya majivu ya volkano, na nyayo zaidi zilizotangazwa mwaka 2016 zilielezwa na kundi lenye Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki.

Ili utafiti usiwe uchumaji, nchi iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi mwaka 1968, na mwaka 1986 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtafiti hupaswa kuwa na kibali. Baadhi ya viongozi wa vijiji hukichukulia kibali hicho kama karatasi ya kugongwa mhuri tu. Lakini ndipo mahali pa kuuliza: swali lako ni lipi, nani amelipia, sampuli za damu au udongo zitakwenda wapi, nani wa hapa atafundishwa kazi, na majibu yatarudi kwetu kwa lugha gani? Hilo la lugha si dogo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanza mwaka 1964, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kazi ambayo wapo waliodhani ni ya kujifurahisha. Bila istilahi zilizotafitiwa mwanakijiji ataletewa ripoti ambayo hata mwanawe wa kidato cha nne hawezi kuisoma.

Kuhusu fedha, nchi yetu haiwezi kugharimia kila swali. Kilimo na afya vitachukua sehemu kubwa, na ni halali. Ninachopinga ni kuzifuta kabisa fani zisizoonekana kuwa na faida ya leo. Katika kila fani abaki angalau mtu mwenye kuijua barabara, mwenye wanafunzi wawili watatu na makabati yake ya kumbukumbu. Gharama ya kumweka ni ndogo. Kumpata mwingine baada ya miaka 30 ya ukimya ni kuanza upya, na maswali mengine hayasubiri.

Chuma cha Buhaya ni mfano. Wazee wa Kagera walikuwa na masimulizi ya Mfalme Rugomora Mahe aliyetaka kujenga mnara wa chuma uende mpaka mbinguni, na walipaonyesha mahali pake huko Katuruka, penye mti mtakatifu. Ni fasihi simulizi, mtu angesema. Peter Schmidt aliyasikiliza masimulizi hayo, akachimba palepale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Halafu akaja mtaalamu wa madini, Donald Avery. Mwaka 1976 waliwaomba wazee wajenge tanuru kama la zamani. Kufua chuma kwa mawe ya nchi kulikuwa kumekoma miaka mingi, tangu majembe na vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilipofika, na wazee walikuwa wameifanya kazi hiyo wakiwa vijana. Walilazimika kukumbushana na kujaribu tena. Tanuru lilipokubali, vipimo vilionyesha joto lililopita nyuzi 1,800. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha maoni yao kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani sana ya tanuru iliipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine wa madini walilipinga hilo la hewa kupashwa moto, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Lakini chuma kilitoka, na hakuna aliyebisha.

Wale wazee wa 1976 walikuwa kizazi cha mwisho kilichowahi kuyeyusha chuma kwa mikono yake. Schmidt alianza kuwasikiliza mwishoni mwa miaka ya 1960. Angechelewa miaka 20 angeukuta mti na masimulizi, na mtu wa kujenga tanuru asiwepo.